Karatasi ya chifu haimtoi mtu ubaba

Dada yangu mdogo anaishi Manyatta, Kisumu, na kwa miaka karibu 7 alikuwa na karatasi moja ameiweka kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Ni fulskepu ya kawaida, imeandikwa kwa biro ya bluu: mimi mwenye kitambulisho namba hii, wa lokesheni hii, nimekubali mtoto abaki na mama yake, sitamdai na yeye hatanidai, na akipata mume mwingine huyo ndiye atakuwa baba. Chini kuna sahihi mbili, majina ya mashahidi, na muhuri wa chifu uliopigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri. Alienda nayo saiba wakaiweka plastiki ngumu isiharibike, mpaka leo kona moja ina kiputo cha hewa. Kwake yeye hiyo ilikuwa imemaliza mambo yote.

Sasa mwanamume anayeishi naye, ambaye mimi namwita shem hata kama hawajaoana, ni fundi wa kuchomelea vyuma, amemlea huyo msichana tangu akiwa na miaka 4 na leo ana 11, analipa fii, anaenda mikutano ya wazazi, usiku mtoto akishikwa na homa yeye ndiye anayetafuta boda. Akasema anataka mtoto awe wake kabisa kwa sheria. Wakaenda korti na ile karatasi. Karani akaisoma, akaigeuza aangalie nyuma kama kuna kitu kingine, akawaambia pole pole kwamba hii haiwezi kufanya kitu. Jioni hiyo dada alinipigia simu Nakuru akilia, na tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza maloya mpaka hii maneno nimeielewa, na nataka niieleze vizuri manake najua karatasi kama hiyo ziko kwa nyumba nyingi, Kaptembwo ziko, Nyalenda ziko, Kakamega na Bungoma ziko.

Kitu cha kwanza ambacho watu wengi hatujui ni kwamba Kenya hakuna fomu ya kujiuzulu ubaba. Wala umama. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Halafu Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja ikarudia hiyo kwa urefu: wazazi wote wawili wako sawa, hakuna mwenye haki kubwa kuliko mwenzake, mtoto awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Hiyo ni tofauti kubwa na sheria ya zamani ya 2001, ambayo kwa mtoto wa nje ya ndoa ilikuwa inamwachia mama mzigo kwanza, baba anaingia akikubali au akioa au wakiandikiana. Wengi wetu bado tunaishi na ile picha ya zamani kichwani, ati kama hatukuoana basi yeye si kitu. Ni kitu.

Na angalia hiyo haki ni ya nani. Ni ya mtoto. Baba hawezi kusaini kutoa kitu ambacho si chake, na mama pia hawezi kumsamehe deni ambalo mwenye kudai ni mtoto. Ndio maana hata kama mliandikiana kwa chifu, kwa mchungaji, mbele ya wazee wa pande zote mbili, mama anaweza kwenda korti ya watoto kesho kuomba matunzo na baba hawezi kutoa ile karatasi ajifiche nyuma yake. Na upande wa pili ni hivyo hivyo, huyo baba anaweza kurudi baada ya miaka 5 aseme nataka kumwona mtoto wangu, na korti itamsikiliza, itaangalia kama ni vizuri kwa mtoto, lakini haitamfukuza mlangoni kwa sababu alisaini fulskepu.

Pia kuna hii ya cheti cha kuzaliwa. Zamani mama ambaye hajaolewa alikuwa hawezi kuandikisha jina la baba bila huyo baba kukubali, mpaka 2016 Mahakama Kuu ikasema hicho kipengele cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kinaenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo watoto wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana jina la baba kwenye cheti. Watu wanafikiri hiyo nafasi tupu ni mlango, eti pale pako wazi tuingize jina la baba mlezi tumalize. Tafadhali msifanye hivyo. Kumwandika mtu kuwa baba wa kuzaa na unajua siye ni kudanganya msajili, na uongo huo utamfuata mtoto mwenyewe siku ya urithi, siku watu wa ule ukoo watakapotaka damu ipimwe.

Basi ni nini kinachokata ubaba kisheria? Ni kuasili mtoto, ile watu wanaita kuadopti, na amri hiyo inatoka Mahakama Kuu, si korti ndogo, si ofisi ya afisa wa watoto. Amri ikitoka, haki zote na majukumu yote ya wazazi wa kwanza yanazimika na yanahamia kwa aliyeasili, mtoto anakuwa kama amezaliwa naye ndani ya ndoa. Anarithi kama mtoto wa kuzaa. Na jina lake linaingia kwenye rejista ya watoto walioasiliwa.

Sasa hapa ndipo penye fundo lenyewe, na ndio sehemu iliyomliza dada yangu. Sheria inasema watu wawili wanaweza kuomba pamoja kumwasili mtoto, lakini lazima wawe wameoana. Hawa wawili hawajaoana. Kwa hiyo pamoja hawawezi. Unaweza kusema sawa, basi aombe yeye peke yake kama mtu mmoja, juu sheria inaruhusu mwombaji mmoja. Ngoja kwanza. Kumbuka nimesema amri inazima haki za wazazi, na mama ni mzazi. Shem akiasili peke yake, sheria haiangalii kwamba huyu mama analala chumba hicho hicho na ndiye anayempikia mtoto, inazima za baba na za mama pamoja. Dada yangu angeamka asubuhi mtoto wake wa kumzaa si wake tena kisheria, ni wa mwanamume ambaye naye hana karatasi yoyote ya kumfunga kwake. Wakikosana kesho akafungasha, anaondoka na mtoto na sheria iko nyuma yake. Na hata kabla ya kufika huko, mwanamume peke yake kumwasili msichana kuna kizuizi, korti haikubali hivi hivi bila sababu maalum. Nilimweleza dada hiyo kwa simu akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

Kwa waliooana iko tofauti kabisa. Mama na mume wake wanaomba pamoja, mama anaingia kama mwombaji juu ya mtoto wake mwenyewe, inakaa ajabu lakini ndivyo inavyofanyika, halafu amri ikitoka wote wawili ni wazazi na aliyetoka ni yule baba wa kwanza peke yake. Hata ile masharti ya umri, kwamba mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, asizidi 65, na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21, haiwabani sana kwa sababu mmoja wao ni mzazi wa mtoto.

Najua swali linalofuata manake dada aliniuliza hapo hapo: si tumeishi pamoja miaka 7, si hiyo ni ndoa? Watu wa njoo-tuishi wote wanaegemea hapo. Ni kweli korti zetu zimekuwa na kawaida ya kudhani ndoa ipo pale watu wameishi pamoja muda mrefu na jamii inawajua kama mke na mume. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikaza hiyo kamba. Ilikuwa kesi ya watu walioishi pamoja miaka mingi wakigombania nyumba, na majaji wakasema hapa hakuna ndoa, wakatoa masharti: muwe mmeishi pamoja muda mrefu, muwe na uwezo wa kuoana kisheria, muwe mlikusudia kuoana, wote mmekubali, mmejitambulisha kwa watu kama mke na mume, na anayedai ndoa ndiye wa kuthibitisha kwa ushahidi mzito. Wakasema pia hii njia ya kudhani ndoa itumike kwa nadra. Kwa hiyo usijenge kesi ya kuasili mtoto juu ya ndoa ya kudhaniwa, utakuwa unapigana kesi mbili kwa wakati mmoja, na mtoto anangoja katikati.

Na kwa kweli ndoa yenyewe si mlima kama tunavyoifanya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, na inasema mahali ambapo mahari inatakiwa, kutoa sehemu tu kama ishara kunatosha kuthibitisha. Si lazima ng'ombe wote wafike. Hapa nyumbani wanaume wengi wanakaa miaka 10 bila kuoa kwa sababu ya aibu ya mahari, na wakwe hawajui kwamba kwa sheria mbuzi na shuka na ile ayie, pesa ya mama mkwe ya kuonesha amekubali, vikitolewa kwa mila na wote wakikubali, ndoa ipo na inaweza kuandikishwa. Au uende kwa msajili moja kwa moja, notisi ni siku 21, hiyo ndoa ya serikali.

Baada ya hapo kuna yule baba wa kuzaa. Hata wakioana leo, Mahakama Kuu itauliza mzazi wa mtoto amekubali? Idhini ya kila mzazi inahitajika, na inataka kuwa idhini ya kweli: ameelewa kwamba hii ni ya milele, hajalazimishwa, hajalipwa. Mtoto mkubwa pia anaulizwa yeye mwenyewe anataka nini, na mimi nadhani hapo sheria imefanya jambo zuri sana manake huyo msichana wa miaka 11 anajua kila kitu, hatumfichi.

Baba akikataa, au akiwa hajulikani alipo, korti ina nguvu ya kuendelea bila idhini yake, lakini si kwa sababu tu amekuudhi. Inataka ioneshwe kwamba alimtelekeza mtoto, au ameshindwa kumtunza muda mrefu, au alimtesa, au ametafutwa hajapatikana, au anakataa bila sababu ya maana. Kipimo kinachotumika sana ni miezi 6: miezi 6 hajamwona mtoto, au ameombwa matunzo na kwa miezi 6 hajatoa kitu. Ndio maana nawaambia akina mama, ombeni hayo matunzo kwa maandishi. Tuma meseji, tunza zile meseji, tunza risiti za shule zenye jina la aliyelipa. Wengi wetu hatuombi kwa sababu ya kiburi, tunasema sitaki pesa yake, halafu siku ya korti yeye anasimama anasema sikuwahi kuombwa.

Mambo mengine ya safari hiyo nitayapitia haraka. Mtoto awe ametimiza wiki 6 kabla mipango yoyote haijaanza, awe amekaa na waombaji miezi 3 mfululizo kabla ya kufungua kesi, atangazwe rasmi kuwa yuko huru kuasiliwa, na korti inateua mtu wa kusimamia maslahi yake wakati kesi inaendelea, ambaye atakuja nyumbani kuona mnaishi vipi na kuandika ripoti. Msiogope huyo mtu, haji kukagua masofa.

Neno dogo kuhusu yale mnasoma kwa simu. Ukitafuta haya mambo kwa intaneti unaletewa ya Marekani na Uingereza kwanza. Uingereza tangu mwisho wa 2005 wapenzi wasiooana wanaweza kuasili pamoja, na mwenzi wa mzazi anaweza kuasili bila mzazi kupoteza haki zake. Afrika Kusini nao wanaruhusu wanaoishi pamoja kwa kudumu. Marekani kila jimbo na yake, mengine yanakubali mwenzi asiyeoa na mengine hayataki, na hata huko baba hawezi kujitoa hivi hivi akwepe matunzo, korti nyingi zinauliza nani anachukua nafasi yake kwanza. Shem alikuwa amechapisha kurasa 12 za namna hiyo akazibeba korti, ni nzuri lakini si za kwetu.

Sasa wasiooana na hawana mpango wa kuoana kesho, wafanye nini? Hapa ndipo nataka mnisikize sana, kwa sababu maloya niliowauliza wote walisema watu wanang'ang'ania kuasili na kumbe wanachohitaji ni kitu kidogo zaidi. Muulize mwenzako unaogopa nini hasa. Wengi wanaogopa kifo cha mama, kwamba mama akifa baba wa kuzaa au ukoo wake watakuja kumchukua mtoto siku ya mazishi na mlezi atabaki ameshika sanduku la nguo. Hiyo ina dawa bila ndoa na bila Mahakama Kuu. Mama anaweza kumteua mlezi wa kisheria kwa wosia au kwa hati, iandikwe tarehe, asaini mbele ya mashahidi 2. Mlezi awe raia wa Kenya kama mtoto ni wa Kenya na anaishi hapa. Mama akifariki, huyo mlezi anasimama pamoja na baba aliye hai, na wakishindwa kuelewana korti ndiyo inaamua, lakini sasa anaingia kortini akiwa na cheo, si mpita njia.

Njia ya pili ni amri ya kukaa na mtoto. Korti ya watoto inaweza kumpa mtu asiye mzazi kama mzazi amekubali na mtoto amekaa naye angalau miezi 3 kabla ya kuomba. Hiyo haimwondoi mama wala baba, haibadilishi urithi, lakini shule na hospitali wakiuliza wewe ni nani una karatasi ya kuwaonesha.

Na urithi, hapa wengi wanashangaa. Sheria ya Urithi inasema mtoto wa mwanamume ni pamoja na yule aliyemkubali kama wake au aliyechukua jukumu la kudumu juu yake kwa hiari. Kwa hiyo mtoto ambaye Waluo wanamwita kimirwa, aliyekuja na mama, hana lazima ya kukaa nje siku ya kugawa shamba kama marehemu alimlea kama wake. Itabidi kuthibitisha, na ndugu watapinga, kwa hiyo mzee aandike wosia akiwa mzima. Lakini jueni hiyo kamba inavuta pande zote mbili: ukimlea mtoto kama wako huku unajua si wako, halafu mkaachana, korti inaweza kukuangalia wewe pia kwenye matunzo, itauliza ulichukua jukumu kiasi gani na kwa muda gani. Wanaume waambiwe mapema, si baadaye.

Nimewaambia dada na shem wote wawili yote haya, nikapanda matatu nikaenda Kisumu tukakaa mezani. Walianza na hati ya mlezi, ilichukua asubuhi moja, mashahidi ni jirani na mwalimu mmoja wa kanisa. Mwezi uliofuata shem alienda kwa wazazi wetu na alichokuwa nacho, baba akakipokea, mama akapata ayie yake, na sasa ndoa wanaiandikisha. Kama huna pesa ya loya, FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na wanasikiliza watu, na 116 ni namba ya bure ya mambo ya watoto.

Ile fulskepu bado iko. Dada alitaka kuichoma nikamkataza. Loya aliyechukua faili aliishika akaisoma mara moja tu halafu akaomba aipige picha, manake ilikuwa na namba ya kitambulisho ya yule baba na lokesheni ya kwao upande wa Bungoma, na bila hizo mbili hatungejua pa kuanzia kumtafuta. Amepatikana. Ana familia nyingine sasa, na kwa simu alisema hatasumbua, lakini safari hii atasaini fomu yenyewe ya idhini ya kuasili, na kabla ya kusaini mtu atakaa naye chini amweleze kwa lugha anayoielewa nini anachokiacha.